Kibodi Isiyowaka

Hapo zamani, na msidhani ni ile zamani ya Sungura na Fisi, ni zamani ya juzi tu, watu wana simu mfukoni na bando limekwisha, palikuwa na zahanati moja mahali paitwapo Kasolelo. Sogeeni. Aliyekaa nyuma asije akaniuliza baadaye nani alifanya nini, maana kisa hiki kinanichosha, na nikikisimulia mara mbili kwa siku moja kichwa kinaniuma.

Zahanati hiyo ilikuwa na watu watatu wa kuwajua. Wa kwanza ni Daktari Lubinza, mganga mfawidhi, mtu wa kusema neno mara moja na kulifunga. Wa pili ni Mzee Shigela, mtunza stoo, mwaminifu kupita kiasi. Pini ikipotea hali chakula cha mchana. Wa tatu ni Edita, karani. Huyu ndiye nitakayekaa naye karibu, kwa sababu yeye aliyaona mambo yakija kutoka mbali, akasema, hakusikilizwa. Hakuna mtu anayechosha kama aliyesema asisikilizwe. Lakini msimwonee huruma mapema. Naye ana lake.

Siku moja zahanati ikapata mashine ya altrasaundi, ile ya kumtazama mtoto akiwa bado tumboni. Mashine ndogo ya kubebeka: siku tatu inakaa Kasolelo, siku mbili inapanda pikipiki kwenda vijijini. Na mashine hiyo ina miiko yake. Haipendi mwanga. Mchana kweupe, jua la kukaanga mtama, chumba lazima kifungwe pazia zito jeusi na taa izimwe, ndipo Daktari aone vivuli vyake kwenye skrini. Daktari anashika kipimo, anasoma namba kwa sauti, na Edita aliye kwenye kona, gizani, anaziandika kwenye kompyuta. Mama akitoka anapewa karatasi iliyochapwa, yenye saini na muhuri.

Kompyuta ya zamani ilikuwa likasha la mezani, zito kama mbuzi wa sikukuu. Haiwezi kupanda pikipiki. Ikaamuliwa inunuliwe laptopu nyembamba. Wakakaa kikao watu watatu kwenye benchi moja, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Daktari akasema, "Iwe nyembamba. Iingie begi moja na mashine, na chaji yake ikae kutwa. Mengine ni mapambo."

Mzee Shigela akasema, "Iwe nyembamba na iwe imara. Mengine ni mapambo."

Edita akasema, "Iwe nyembamba, sawa. Lakini kibodi iwe na taa chini ya herufi. Ninayekaa gizani ni mimi."

Daktari akacheka. "Taa chini ya vidole? Edita, unataka laptopu au unataka disko?"

"Nataka kuona ninachobonyeza, Daktari."

"Mwandishi hasa haangalii vidole."

"Mwandishi hasa ni yule aliyesomea uhazili. Mimi niliajiriwa hapa kujaza kadi za kliniki kwa kalamu. Mkanipa kompyuta Jumatatu, Jumanne mkaniita mwandishi. Herufi nikiiona naibonyeza. Nisipoiona naipapasa."

"Utazoea."

"Giza halizoeleki."

"Taa inakula chaji."

"Inazimwa mtu akitaka. Asiyeihitaji anaizima, anayeihitaji anaiwasha. Tatizo liko wapi?"

"Utazoea, Edita."

Neno hilo, jamani! Utazoea. Edita alilisikia mwaka mzima. Alilisikia choo cha watumishi kilipoharibika, akalisikia kiti chake kilipopoteza mguu mmoja akawa anakalia ndoo. Alitamani siku moja amkute huyo Kuzoea njiani amuulize, kwa nini unatembelea wanyonge tu, kwa Daktari huendi?

Hakukoma. Alisema asubuhi, akasema mchana, akasema wakati wa chai. Mwisho Daktari akachoka akamwambia, "Haya, Mzee Shigela anakwenda mjini kesho. Andika unachotaka, umpe." Edita akachukua kipande cha karatasi, akaandika maneno machache, tena kwa herufi kubwa: LAPTOPU IWE NYEMBAMBA. KIBODI IWE INAWAKA.

Sasa tegeni masikio, maana gurudumu la kisa hiki limekwama hapa. Kuwaka. Moto unawaka, taa inawaka, hilo kila mtu analijua. Lakini kwetu redio nayo inawaka. Simu inawaka. Pikipiki ikikataa kunguruma tunasema haiwaki. Mtu akipandisha hasira, anawaka. Kitu chochote kikifanya kazi yake, kinawaka. Edita alipoandika "inawaka" aliona mwanga. Mzee Shigela aliposoma "inawaka" aliona matusi.

"Ananionaje huyu binti?" alijisemea safari nzima. "Miaka ishirini na tisa stoo, mimi ninunue kibodi mbovu?"

Kufika dukani, duka lenye taa kumi na mbili darini, muuzaji akamwekea laptopu mbili juu ya meza. Moja nyembamba kama sahani ya bati. Ya pili nene kidogo, unene wa kidole kimoja. Mzee Shigela akashika ile nyembamba.

"Kibodi yake inawaka?"

"Inawaka, mzee wangu. Jaribu mwenyewe."

Akajaribu. Alivaa miwani, akabonyeza A ikatokea A, akabonyeza B ikatokea B, akaenda hivyo hivyo mpaka zile za pembeni ambazo hakuna ajuaye kazi zake. Foleni ikarefuka nyuma yake. Mtu mmoja aliyekuja kununua chaja akakata tamaa, akaondoka. Mzee hakujali. Alimaliza zote, akavua miwani, akasema, "Zote zinawaka."

Muuzaji akasema, "Ila mzee, hii ya pili pamoja na unene wake ina taa ya..."

"Taa tunazo," Mzee Shigela akamkata. "Nimetumwa nyembamba."

Akarudi Kasolelo ameibeba kifuani kama mtoto mchanga. Edita akaipokea kwa mikono miwili. Akafurahi, jamani, aliimba kabisa. Akaingia nayo chumba cha kipimo, akavuta pazia, akaiwasha. Skrini ikaja. Chini ya skrini, giza. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Giza.

"Mzee Shigela!"

"Naam!"

"Taa iko wapi?"

"Taa ya nini?"

"Ya kibodi! Si niliandika iwe inawaka?"

"Na inawaka! Bonyeza uone. Nimejaribu zote moja moja, watu nyuma yangu wananitukana. Kuna isiyowaka? Nionyeshe, niirudishe leo hii."

Edita akamtazama. Akatazama laptopu. Akatazama tena Mzee. Akataka kucheka, akataka kulia, akakosa cha kushika. Alikaa juu ya ndoo yake akasema polepole, "Mzee wangu, taa. Mwanga. Herufi zing'ae."

"Sasa mwanangu, kwa nini hukuandika taa?"

Niambieni, angejibu nini? Daktari alipopita, akaipima laptopu kwa kiganja, akasema ni nyepesi kweli, safi sana. Na alipoambiwa haina taa, mnajua alisema nini. Mnalijua. Sitalitamka.

Basi Edita akajitafutia. Kwanza akawa anashika simu yake kwa meno, tochi imewashwa, mate yanamtoka. Daktari akapiga kelele: "Zima hiyo, mwanga unapiga kwenye skrini yangu!" Akaongeza mwanga wa skrini ya laptopu yenyewe. Daktari akapiga kelele: "Punguza hiyo, sioni kitu!" Akafungua pembe ya pazia. Hapo Daktari hakupiga kelele, alisimama tu, akaifunga mwenyewe. Mwisho Edita akakata plasta nyeupe ya vidonda, akabandika vipande juu ya namba, akaandika kwa wino mzito 1, 2, 3, mpaka 0. Plasta zile zilionekana gizani, kidogo, lakini zilionekana. Juma zima akafanya kazi kwa raha. Halafu Mzee Shigela akaja kukagua mali.

"Nani kachafua kifaa cha zahanati?" Akazibandua moja moja, akafuta gundi kwa spiriti, akairudisha laptopu inang'aa.

Siku hiyo Edita alichoka. Na mtu akichoka namna hiyo ndipo anapokosea, kwa hiyo sikilizeni lake. Kabla ya hapo kila karatasi ikitoka, Edita alikuwa anaipeleka mlangoni, kwenye mwanga wa jua, anaisoma mstari kwa mstari kabla Daktari hajaitia saini. Hakuna aliyemtuma. Alijituma. Baada ya plasta kubanduliwa alisema moyoni, "Waliotaka giza, wale giza." Akaacha kusoma. Karatasi ikitoka inakwenda kwa Daktari moja kwa moja, na Daktari alikuwa anatia saini amesimama, jicho kwa mgonjwa anayefuata.

Ikafika Desemba, tarehe kumi. Akaingia mwanamke mmoja aitwaye Kalunde, mke wa Mihayo, mimba yake ya kwanza. Mihayo alikuwa mjenzi wa barabara, kazi ya mbali. Alikuwa ameondoka mwaka mzima bila kukanyaga nyumbani, akarudi mwezi wa sita mwanzoni, watu wakivuna mahindi. Kalunde alikaa kwa mama mkwe wake, Bi Nyamizi, mama mwenye macho makali na hesabu za kichwani.

Daktari akampima. Mtoto mzima, moyo unadunda, kakaa vizuri. Akataja umri wa mimba kwa Kiingereza, kama wafanyavyo madaktari: wiki ishirini na nane. Edita akasikia ishirini na nane. Akapapasa mbili. Mbili na tatu kwenye kibodi ni majirani wa ukuta mmoja. Kidole kikaingia nyumba ya jirani.

Karatasi ikatoka: wiki thelathini na nane. Edita hakuisoma. Daktari hakuisoma. Saini, muhuri, mama anayefuata.

Aliyeisoma ni Bi Nyamizi.

Alikaa kizingitini akahesabu kwa vidole, akarudia, akaita mwanawe. "Mihayo. Wiki thelathini na nane ni miezi tisa kasoro. Wewe umerudi lini?"

"Mwezi wa sita, mama."

"Mimba hii ni ya mwezi wa nne. Mwezi wa nne ulikuwa wapi?"

Mihayo alikuwa barabarani, mkoa mwingine kabisa, na wote walijua. Kalunde akalia, akaapa, akasema siku anazozijua mwenyewe. Mama mkwe hakumtukana. Alimwambia tu, "Mkamwana, wewe una mdomo na karatasi ina muhuri. Rudi kwenu kwanza." Na Mihayo? Mihayo aliangalia chini. Yeye ana kisa chake, sitaki kukianza leo nikashindwa kulala kwa hasira.

Kalunde hakwenda kwao moja kwa moja. Alipitia zahanati, na kifurushi chake kichwani.

Akafika dirisha la mapokezi, yuko Mzee Shigela. "Mzee wangu, naomba nipimwe tena." Mzee akasema, "Mashine iko vijijini na laptopu yake. Rudi kesho kutwa." Kalunde akalala kwa shangazi yake, akarudi kesho kutwa.

Akafika mlango wa Daktari. "Daktari, naomba nipimwe tena, namba ina makosa." Daktari akasema, "Mama, kipimo hakirudiwi kwa sababu ya maneno ya mama mkwe. Mimi nimeshatia saini. Saini yangu si ya kuchezea."

Akafika kwenye ndoo ya Edita. "Dada yangu, angalia tu. Angalia humo ndani ulimoandika." Edita akafungua laptopu, safari hii mchana, dirisha wazi, anaona kila herufi. Akasoma kilichoandikwa. Kilikuwa kile kile alichokiandika mwenyewe.

"Thelathini na nane," akasema.

"Haiwezekani, dada."

Na Edita, ambaye siku hiyo alikuwa ameshaambiwa utazoea mara mbili kabla ya saa nne, akasema, "Mama, kompyuta haidanganyi."

Kalunde akaokota kifurushi chake.

Krismasi ikaja, hakuna mtoto. Januari ikaisha, hakuna mtoto. Bi Nyamizi akasema watoto wengine hukawia. Februari ikaisha. Machi tarehe nne, Kalunde akajifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na robo, huko huko kwao, na mkunga akaja zahanati kuandikisha. Edita akafungua kumbukumbu ili amwandike mtoto. Akaona tarehe ya kipimo. Akaona thelathini na nane. Akahesabu mbele kutoka tarehe kumi Desemba mpaka tarehe nne Machi: wiki kumi na mbili. Mimba ya wiki hamsini? Hata tembo angeshangaa.

Akasimama, akaenda kuwasha mashine ya altrasaundi, akaitafuta picha ya Kalunde. Mashine haina karani. Iliandika yenyewe pembeni ya picha, kwa namba nyeupe: 28.

Edita akaigusa namba ile kwa kidole. Hakulia. Alisema tu kwa sauti, peke yake chumbani, "Mimi nilimwambia haidanganyi."

Daktari alipoonyeshwa, akachapa karatasi mpya siku hiyo hiyo, ikapelekwa kwa Bi Nyamizi. Bi Nyamizi akaziweka karatasi mbili juu ya mkeka, akazitazama. "Ya kwanza ina muhuri. Ya pili ina muhuri. Saini ni ile ile. Nyinyi wasomi niambieni, niamini muhuri upi? Kesho mtaleta ya tatu? Mimi nionyesheni mtu. Karatasi haikosei yenyewe. Aje mtu mmoja aseme mbele ya ukoo, 'Ni mimi niliyekosa,' na mimi nitapiga magoti kwa mkamwana wangu, na mjukuu wangu nitamtaja jina. Mmoja. Wakija wengi watasingiziana, tutarudi pale pale."

Na huko kwa akina Kalunde kuna desturi yao. Mtu aliyekosa akija kuomba radhi, hodi hapigiwi. Anapiga mwenyewe, kwa sauti yake. Akiitikiwa "karibu", basi kosa limeingia naye ndani, ni lake, haliwezi tena kutoka na mtu mwingine. Ndiyo maana watu wa huko hawapigi hodi ovyo.

Kalunde akatuma ujumbe: "Jumamosi mwanangu anatimiza siku arobaini, anatolewa nje. Jua likifika utosini atatoka, na jina ama bila jina. Mwenye kosa aje apige hodi, twende naye kwa mama mkwe."

Jumamosi wakaja. Wote watatu. Wakasimama mlangoni, mlango umeegeshwa tu. Ndani Kalunde amekaa kitandani, mtoto mapajani, mama yake pembeni ameshika shuka jipya la kumtolea mtoto. Wanawasikia hao wa nje hata wanavyohema.

Daktari akamnong'oneza Edita, "Piga hodi basi."

"Mimi?"

"Kidole ni cha nani? Mimi nilitamka ishirini na nane. Sauti yangu ilikuwa sahihi, mashine ilikuwa sahihi. Na mimi nikisimama mbele ya ukoo niseme daktari ndiye aliyekosa, kesho nani ataleta mkewe kupimwa? Watajifungulia nyumbani, watakufa. Ninawafikiria wao."

Edita akawaka, na hapa namaanisha hasira. "Kidole ni changu, sikatai. Lakini kidole kiliingizwa gizani na nani? Nani alizima tochi yangu? Nani alifunga pazia? Niliomba taa mara ngapi, Daktari? Ulisema mapambo. Na saini uliyoitia bila kusoma nayo ni pambo? Piga hodi wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Daktari akageuka. "Hata hivyo laptopu yenye taa niliruhusu inunuliwe. Mzee Shigela ndiye aliyeleta isiyo nayo. Mzee, piga hodi."

Mzee Shigela akavua kofia. "Mimi? Mimi nimegusa namba ya nani? Nilitumwa kitu kinachowaka, nikaleta kinachowaka. Miezi minne nistaafu, niondoke na jina la kuvunja ndoa ya watu? Aliyeandika 'inawaka' badala ya 'taa' ndiye aliyekosa, toka siku ya kwanza."

"Na muuzaji alipokwambia ya pili ina taa?" Edita akasema. "Ulitusimulia mwenyewe, ukicheka! Ulimkata mdomo. Na plasta zangu, Mzee? Plasta zangu zilikukosea nini?"

"Zilichafua kifaa."

"Zilikuwa ndio macho yangu!"

"Basi ungeandika taa!"

"Basi ungeuliza!"

"Basi mngezoea wote wawili," Daktari akasema, na nyinyi hapo mnaguna. Hata mimi.

Wakaanza tena. Unene wa laptopu ya pili. Chaji. Je, laptopu nyembamba inahitaji taa au haihitaji? Mwandishi hasa anaangalia vidole au haangalii? Daktari akaanza kueleza jinsi mwanga unavyoharibu picha. Mzee Shigela akaanza kutaja herufi alizozijaribu. Edita alikuwa anajibu yote, moja baada ya jingine, na majibu yake yalikuwa ya kweli, na alivyozidi kuwa na haki ndivyo alivyozidi kuchoka.

Sauti ikatoka ndani.

"Nyie watu."

Wakageukia mlango.

"Karibu ipo hapa mdomoni mwangu toka asubuhi," Kalunde akasema. "Nimeishika. Nilidhani mmekuja kwangu. Mwanangu hana jina, nyie mnazungumza kibodi."

Mzee Shigela akairudisha kofia kichwani.

"Nilikuja kwenu na kifurushi kichwani. Mmoja aliniambia nirudi kesho kutwa. Mmoja akaniambia saini yake si ya kuchezea. Mmoja akaniambia kompyuta haidanganyi. Siku ile hapakuwa na giza. Siku ile dirisha lilikuwa wazi."

Edita alilisikia hilo. Akaona ni kweli, angeweza siku ile kuiwasha mashine, picha ilikuwa mle mle, namba nyeupe pembeni, ingemchukua muda wa kunywa maji. Wote watatu walikuwa na ufunguo wa chumba kile. Akainua mkono auweke kwenye mlango.

Nyuma yake Mzee Shigela akapumua kwa faraja. "Eeh, ndiyo. Si ndiye aliyeandika?"

Na Daktari akasema, "Vizuri, Edita. Ni busara."

Mkono ukasimama hewani. Sababu gani ilimsimamisha, mnaijua. Mtu yuko tayari kubeba kosa lake, halafu wenzake wanampangia na ya kwao juu yake, na kumshukuru. Kama akipiga hodi, hao wawili watarudi Kasolelo wameoshwa, pazia litafungwa, na karani mwingine ataletwa akalie ndoo. Asipopiga, mtoto anatoka nje hana jina.

Ndani, mama yake Kalunde alisimama na shuka. "Jua limefika, mwanangu."

Mimi ninachokijua kimeishia hapo, na mnione nimekasirika, ni kweli nimekasirika. Nimekiuliza kisa hiki Kasolelo, wakagawanyika. Nimekiuliza msibani, nusura watu waache kula. Wengine wanasema kidole, wengine saini, wengine kofia. Na msiniambie "wote watatu". Wote watatu walikuwa pale mlangoni, na mlango ulikuwa kimya. Bi Nyamizi anataka mmoja, Kalunde ana karibu moja, na mtoto ameshavishwa shuka.

Je, nani alistahili kupiga hodi?